Sahani ya Kibarua

Mwezi wa nane mwaka jana nilimtumia Mama picha. Nilikuwa nimesimama nje ya ploti yetu hapa Mwihoko, jua limenipiga usoni, suruali inapwaya kiunoni. Nilikuwa nimepungua kutoka kilo 91 hadi 84, na kusema kweli nilitaka mtu anisifu.

Hakujibu kwa ujumbe. Alipiga simu.

"Nyathina, uko mgonjwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza nani ananipikia. Nikamwambia najipikia. "Ndiyo maana," akasema, na kesho yake nikapata M-Pesa ya 1,000 ambayo najua kabisa hakuwa nayo ya kutupa. Jumapili ikaja mzigo kwa basi kutoka Homa Bay: unga kilo nne, omena, karanga, na chupa ya mafuta ya kupikia iliyofungwa kwa karatasi tatu za nailoni.

Hiyo chupa ndiyo ilinifanya nianze kusoma. Nasomea historia, kwa hiyo tabia yangu ni kuuliza kitu kilifikaje hapa. Safari hii kitu chenyewe kilikuwa sahani yangu.

Niwape picha kwanza. Nilihamia Mwihoko mwaka wa pili, hosteli iliponishinda bei. Bedsita moja, meko ya kilo sita, sufuria mbili, mwiko mmoja. Nilijua kupika ugali, mayai na chai. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi mbili. Mchana chapo madondo kwa kibanda, chapo mbili kama mfuko unaruhusu, moja kama haujiwezi. Jioni smoki pasua pale steji, halafu nikifika nyumbani ugali mkubwa na sukuma wiki iliyokaangwa hadi ikang'aa. Soda wikendi. Ilikuwa bei rahisi na ilishibisha. Kwa miaka miwili niliongeza kilo kumi na tano na sikuona, maana kwa bedsita hakuna kioo kinachoonyesha zaidi ya kichwa.

Aliyeniambia ni nesi. Nilienda na kikohozi, akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akasoma namba, akanisomea tena mkono wa pili. "Kijana, una miaka mingapi?" Ishirini na mbili. "Nani kwenu ana presha?" Baba. Baba anameza tembe tangu niwe darasa la tatu.

Sasa, ule ugali.

Watu wengi wa rika langu hudhani ugali mweupe ni chakula cha babu zetu tangu zamani za kale. Mahindi ni mgeni. Yalitoka Amerika, Wareno wakayaleta pwani, na kwa karne kadhaa huku bara yalikuwa kitu cha pembeni. Nyanya yangu mzaa baba alikula kuon ya mtama na wimbi, ugali wa rangi ya udongo ambao leo ukiutaka unaenda supamaketi na kulipa mara mbili. Mahindi meupe yenye punje kubwa, kama ile mbegu ya Hickory King, yalisambaa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Mlowezi alikuwa na shamba kubwa, alikuwa na reli, na alikuwa na vibarua wa kulisha.

Na kibarua alilishwa posho. Neno hilo tunalitumia mpaka leo, posho mill iko hapo nyuma ya ploti yetu, lakini kwenye mashamba ya kahawa na mkonge ya Ruiru na Thika lilikuwa na maana kamili: mgao wa unga wa mahindi, kwa kawaida ratili mbili kwa siku kwa mtu mmoja. Hiyo ni karibu gramu 900. Piga hesabu, ni zaidi ya kalori 3,000 kutoka kwa kitu kimoja tu, kikavu, kisichooza, kinachopimwa kwa debe na kubebwa kwa gunia. Kwa mwenye shamba ilikuwa akili sana. Kwa mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri hadi jua linapozama, mwili ulizichoma hizo kalori zote, ingawa zilimwacha bila vitu vingine vingi.

Mimi nakaa juu ya godoro na laptopu. Jembe langu ni pini ya M-Pesa. Lakini ule ugali niliokuwa nasonga kila usiku ulikuwa na kipimo cha mtu wa mkonge. Hakuna aliyenifundisha kipimo hicho, ni vile tu sahani ilivyoonekana nyumbani, na nyumbani kwa Baba, na kwa babake Baba, ambaye alienda kufanya kazi kwa mashamba ya watu na akarudi na hamu ya unga mweupe.

Kuna ripoti moja ya mwaka 1931 ambayo kila anayesomea historia ya chakula Kenya hukutana nayo. Waliiandika John Boyd Orr, Mskoti ambaye baadaye aliongoza FAO na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya koloni. Waliwapima Wamaasai na Wakikuyu. Wakasema mwanaume Mmaasai ni mrefu kwa inchi tano kuliko Mkikuyu, ni mzito kwa ratili 23, yaani kilo kumi na kidogo, na ana nguvu zaidi kwa asilimia 50. Sababu, walisema, ni chakula: huyu anakunywa maziwa, anakula nyama na damu, yule anakula nafaka, mizizi na maharagwe.

Wanahistoria wameishambulia ile ripoti, na wana haki. Waliopimwa hawakuwa wameishi maisha sawa. Wakikuyu walikuwa wamepoteza ardhi na mifugo, na ukichukua watu wa aina hiyo halafu ukaita sahani yao "chakula cha kabila" umefuta wizi mzima kwa mstari mmoja. Lakini kilichonigusa mimi ni swali lenyewe. Serikali ya koloni ilitaka kujua kwa nini kibarua ni mwembamba na afanyweje awe mzito ili afanye kazi. Kilo ndizo zilizokosekana. Hapa hapa Kiambu, miaka tisini na kitu iliyopita, wataalamu walikuja na mizani kutafuta jinsi ya kutunenepesha.

Na ndani ya ripoti hiyo hiyo kuna jambo dogo ambalo nalipenda: wanawake Wakikuyu walikula mboga za majani ambazo wanaume hawakuzigusa. Nenda kibanda chochote cha Githurai leo uone nani anaagiza managu na nani anasema "mimi niwekee nyama tu".

Miaka miwili kabla ya ripoti hiyo, mwaka 1929, daktari mwingine aliyeitwa Donnison alichapisha makala katika jarida la Lancet la Uingereza. Alikuwa akifanya kazi South Kavirondo, eneo ambalo leo ni Kisii, Homa Bay na Migori. Kwetu. Aliwapima presha watu 1,000 wenye afya. Ulaya presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Huku aliona baada ya miaka arobaini inashuka. Na kati ya wagonjwa kama 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa muda wa miaka miwili hivi, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Hata mmoja. Niliposoma hapo nilisimama, nikatoka nje, nikatembea hadi barabarani na kurudi. Baba yangu ana presha. Shangazi yangu ana presha. Mjomba alipooza upande mmoja akiwa na miaka 48. Kijijini kwetu leo hii ukisema "dawa" bila kueleza, watu wanajua ni ya presha au ya sukari. Na hao ni wajukuu wa watu aliowapima Donnison.

Kilichotokea katikati kilikuja kupimwa pia. Katika miaka ya 1980 kundi la watafiti liliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya na kuhamia Nairobi, likawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohamia ilikuwa tayari imepanda ndani ya miezi ya kwanza mjini. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu kidogo, maana yake mboga na matunda yamepungua, na uzito wao ulikuwa juu. Wengi walikuwa vijana, watu waliokuja kutafuta kazi na begi moja.

Baba alikuja Nairobi mwaka 1988. Simaanishi alikuwa kwenye utafiti ule, hapana. Ninasema tu kwamba nikisoma zile jedwali naona mtu wa umri wangu anashuka basi Machakos Country Bus, na mwili wake unaanza kubadilika kabla hajapata hata kitanda.

Chapati nayo ina safari yake. Ilikuja na Wahindi, zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na wengine waliobaki kufanya biashara. Lord Delamere alipanda ngano Njoro na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Lakini kwa miaka mingi chapati ilikuwa chakula cha Krismasi. Mama husimulia vile walikuwa wanahesabu siku, na vile mtoto aliyefanya makosa mwezi wa kumi na mbili aliambiwa "utaona chapo zikipita". Kuifanya chapo iwe kitu cha shilingi ishirini asubuhi ya Jumanne ilihitaji mafuta ya bei nafuu, na hayo yalikuja kwa wingi wakati soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mengi yakiwa ya mawese kutoka ng'ambo. Bidco ilifungua kiwanda chake cha mafuta Thika mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikanunua Kimbo kutoka kwa Unilever. Sisi tuna mtaa jirani unaitwa Kimbo. Utani huo umefanywa na kila mgeni aliyewahi kunitembelea, sitaurudia.

Mafuta yale yanauzwa kwa kupima. Unapeleka chupa, unapimiwa ya mbao. Hiyo imetuokoa wengi. Pia imefanya mafuta yawe kitu cha kila sufuria.

Halafu kuna chuo chenyewe. Kahawa, kilomita chache kutoka hapa, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kampasi ile ilianza kama kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks. Ilikabidhiwa mwaka 1965 ikawa chuo. Kwa robo karne ya kwanza, mwanafunzi wa chuo kikuu nchi hii alilishwa. Alilala kwa chumba cha serikali, akala kwa kafeteria ya serikali, na kuanzia mpango wa mikopo wa 1974 akapata na pesa mkononi, ile bumu wazee wanaizungumzia wakitabasamu peke yao. Mwalimu wetu mmoja alituambia alikuwa akila mayai na soseji asubuhi, na akipika ilikuwa kwa kujifurahisha. Darasa zima lilinyamaza, kama mtu ametuhadithia habari za peponi.

Mwaka 1991, kwa shinikizo la Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine, serikali ikaleta mfumo wa kuchangia gharama. Karo ikapanda, na chakula kikawa cha kulipia unapokula. Wanafunzi waligoma, vyuo vikafungwa, vikafunguliwa, na sahani haikurudi. HELB iliundwa kwa sheria mwaka 1995. Kuanzia hapo mwanafunzi wa Kenya ni mpishi, apende asipende, na hakuna aliyemfundisha kupika. Kwa wavulana ni mbaya zaidi, kwa sababu wengi wetu tulifukuzwa jikoni tukiwa wadogo, tena kwa upendo. Coil ya umeme chini ya kitanda, mlinzi akipita unaifunika na beseni. Miaka ya karibuni vyuo vimejaza watu kuliko vitanda, kwa hiyo wale wa coil tukahamia Kahawa Wendani, Githurai, Mwihoko, Ruiru, Juja, na vibanda vikatufuata. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, matatu ikawa ya dakika chache, na hata ile sehemu ya kutembea ikaondoka maishani.

Ukiviweka pamoja: kipimo cha ugali cha kibarua, mafuta ya kupima, chapo ya kila siku, mtu ambaye hajui kupika, na miguu isiyotembea. Sikuwa mlafi. Kwa miezi kadhaa baada ya yule nesi nilijiona mlafi, nikawa nalala njaa siku mbili, siku ya tatu nakula smoki nne. Hiyo haisaidii, naisema ili usiijaribu.

Kilichosaidia ni vitu vidogo vya kuchosha kusimulia. Pale barabarani kuna mama anauza githeri, maharagwe na ndengu zikiwa zimeshachemshwa, kwa kikombe. Kazi ngumu ya saa tatu na gesi yote ameshaifanya yeye. Unabaki na kitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mafuta, na kijiko ni kijiko, hakuna kumwaga kwa jicho. Sukuma anakukatia mwenyewe. Nilianza kujaza sahani kinyume: mboga kwanza, maharagwe, halafu ugali unapewa nafasi iliyobaki. Mandazi ya asubuhi ikawa mayai mawili ya kuchemsha au nduma ikiwa msimu wake. Soda niliiacha, hiyo ilikuwa rahisi, maji ni bure. Na jioni nikaanza kushuka matatu Githurai na kumalizia kwa miguu, isipokuwa mvua ikinyesha, kwa sababu matope ya huku si ya mchezo. Pesa nilizotumia zilipungua kidogo. Kilo saba zilichukua miezi saba. Presha ilirudi mahali pake.

Kwa hiyo nilipomtumia Mama ile picha, nilikuwa namtumia namba nzuri. Yeye aliona kitu kingine.

Kwetu kukonda kuna jina la zamani, chira. Mtu akianza kupungua bila sababu inayoonekana, watu waliuliza ni mwiko gani umevunjwa, nani kajenga kabla ya kakake, nani kalala wapi. Halafu ukaja ugonjwa mpya ukavaa nguo za chira. Upande wa Uganda, kule Rakai, watu waliuita "slim", na mwaka 1985 madaktari wakauandika kwa jina hilo hilo kwenye Lancet, jarida lile lile la Donnison. Ukavuka ziwa. Hakuna mkoa Kenya ulioumia kama Nyanza. Serikali ilichukua hadi Novemba 1999 kuutangaza janga la kitaifa, na dawa hazikuwa bure hospitali za umma hadi 2006. Katikati hapo watu walikonda. Walikonda mbele ya majirani, wakavaa sweta juu ya sweta kuficha mabega.

Dadake Mama alikuwa mmoja wao. Alikufa mwaka 1997, sijazaliwa. Kuna picha yake moja sebuleni, amesimama nje, jua usoni, nguo inampwaya. Nimepita mbele ya picha ile maisha yangu yote. Niliposhika simu yangu na kuangalia tena niliyoituma, ndipo nikaona.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulipata kwamba asilimia 27 ya watu wazima Kenya wana uzito uliozidi, kwa wanawake asilimia 38.5. Kwa mama wa umri wa mama yangu namba hiyo inaweza kusomwa kama tatizo. Inaweza pia kusomwa kama watu waliobaki hai na wakashiba, waliokula mahindi ya njano ya msaada wakati wa ukame wa 1984 na kuapa watoto wao hawatayala. Chupa ile ya mafuta ilikuwa imefungwa karatasi tatu.

Alikuja Disemba. Alikagua chumba, akafungua sufuria zote, akauliza unga aliotuma mbona uko nusu. Jioni alisonga ugali yeye mwenyewe, mlima. Nikakata kipande kidogo, nikajaza mboga na omena. Alinitazama nikila bila kusema kitu. Nikamweleza habari za nesi, za presha, nikamwonyesha kile kikaratasi cha namba. Alikisoma kwa muda mrefu kwa mtu asiye na miwani.

"Kama ya babako," akasema.

"Ilikuwa. Sasa imeshuka."

Kesho yake tukashuka Githurai kununua zawadi za kurudi nazo. Pale karibu na steji kuna jamaa ana mizani na mashine ya presha kwenye meza, unalipa kidogo unapimwa. Nikapanda ili aone. Themanini na tatu. Jamaa akasema vizuri sana bro, endelea hivyo. Mama akamuuliza kama ile mizani haina uongo, akamuuliza mara ya pili, halafu akanipa mkoba wake nishike, akavua viatu, akavipanga kando vizuri kama mtu anayeingia kanisani.

"Geuka huko," akaniambia. "Usiangalie."